Charger ya 1969 kwenye meza ya jikoni: kuunda modeli iliyo sawa na gari lenyewe

Milimita moja kwenye meza yangu ni sentimita mbili na nusu barabarani. Andika hesabu hiyo kwenye karatasi, uibandike ukutani mbele ya macho yako, maana kazi yote nitakayoeleza hapa inasimama juu yake. Seti nyingi za modeli za magari ya Kimarekani ni za kipimo cha 1/25. Ukiacha uwazi wa nusu milimita kati ya boneti na fenda, kwenye gari la kweli hiyo ni sentimita moja na robo, kidole kinapita. Ukipiga rangi nene ya robo milimita, umelikandika gari plasta ya zaidi ya nusu sentimita.

Mimi ni fundi wa meno bandia. Mchana kutwa nachonga nta na kusugua akriliki mjini, usiku narudi nyumbani Ilala, Sharifu Shamba, na meza ya jikoni ikishafutwa natandaza gazeti na kuwasha taa. Naunda yale ambayo Wamarekani wanayaita magari ya misuli: bodi ya ukubwa wa kati, milango miwili, ndani imepachikwa injini ya V8, yaani ya silinda nane, iliyokusudiwa magari makubwa zaidi. Pontiac GTO ya 1964 ndiyo inayotajwa mara nyingi kwamba ilifungua njia, kwa injini ya inchi za ujazo 389, karibu lita 6.4. Kufikia 1970 Chevrolet walikuwa wanauza Chevelle SS yenye lita 7.4 na nguvu ya farasi 450.

Modeli yangu ya kwanza sikuinunua. Mjomba wangu alikuwa baharia, na safari moja alirudi kutoka Marekani na boksi la Dodge Charger ya 1969. Akaliweka juu ya kabati, akasema ataliunda akistaafu. Alipofariki, shangazi akanipa mimi boksi lile, akisema, "Wewe ndiye mwenye mikono ya vitu vidogo." Nilipolifungua nikakuta matairi yameharibu kioo cha mbele. Nitaeleza mbele kwa nini, maana boksi lako nalo linaweza kuwa linafanya hivyo hivyo saa hii.

Kabla ya gundi: chagua gari moja

Kosa linaloharibu modeli nyingi hutokea kabla hata fremu za vipande hazijatolewa kwenye mfuko. Mtu anasema, "Naunda Charger." Charger ipi? Ya 1968 ina shoo ya mbele, yaani wavu wa mbele ya rejeta, isiyogawanyika na taa za nyuma za duara. Ya 1969 shoo imegawanywa katikati na taa za nyuma zimekuwa ndefu, za mlalo. Ya 1970 bampa la mbele limezunguka shoo yote kama fremu ya picha. Hata vile vitaa vidogo vya ubavuni vinatofautiana: duara mwaka 1968, mstatili mwaka 1969. Watengenezaji wa seti mara nyingine hutumia kalibu moja kwa miaka miwili au mitatu ya gari, kwa hiyo usiamini picha ya boksi peke yake. Hesabu taa, tazama shoo, ndipo ujue umeshika gari la mwaka gani.

Kisha shuka zaidi. Mimi niliamua kuunda Charger R/T, toleo la nguvu zaidi, ya 1969 yenye injini ya 426 Hemi (426 ni inchi za ujazo), bluu ya kiwandani iliyoitwa B5. R/T ya kawaida ilikuja na injini ya 440 Magnum ya farasi 375. Hemi, ya farasi 425, ilikuwa ya kulipia zaidi. Kwenye namba ya chasisi ya gari hilo herufi za mwanzo ni XS29J9: X ni Charger, S ni R/T, 29 ni milango miwili, J ni Hemi, 9 ni mwaka 1969. Ukipata picha za gari linaloanza hivyo, za injini, za ndani na za chini ya tumbo, zihifadhi kwenye simu kwenye folda moja na usichanganye na gari lingine lolote. Gari moja, folda moja.

Angalizo kuhusu picha. Magari mengi ya zamani yanayopigwa picha leo yameshatengenezwa upya, na mafundi wake huyapendezesha kuliko kiwanda kilivyofanya: kromu pasipo na kromu, rangi chini ya tumbo kama ya sahani. Tafuta vipeperushi vya mauzo vya miaka ile na picha za magari ambayo hayajaguswa, hata kama yana kutu. Kutu haidanganyi bolti ilikuwa wapi.

Sisi wa huku tuna mtego wetu. Macho yetu yamezoea usukani wa kulia. Nilishawahi kumwona kijana mwerevu kabisa amegundisha usukani na pedali upande wa kulia, kwa sababu mkono wake "uliona" ndivyo. Charger ni gari la usukani wa kushoto, na vitu vingine vinafuata: pampu ya breki kwenye ukuta wa injini iko kushoto, boksi la usukani liko kushoto. Kifuniko cha tangi la mafuta, kile cha kromu cha kubonyeza juu ya ubavu wa nyuma, nacho kiko kushoto. Kwenye Charger nakipenda kile kifuniko kuliko kitu kingine chochote.

Halafu chukua kalipa, kile kipimio cha taya mbili. Kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi la nyuma, Charger ya 1969 ina inchi 117, yaani milimita 2,972. Gawanya kwa 25 upate 118.9. Funga bodi na chasisi kwa tepu bila gundi, weka magurudumu, pima. Ukipata 119, endelea. Ukipata karibu 124, seti yako ni ya 1/24, na vipande vya ziada ulivyonunua vya 1/25 havitaingia. Chevelle ya 1970 ina inchi 112, kwa hiyo tarajia 113.8.

Bodi

Osha fremu zote kwa sabuni ya maji na mswaki laini, suuza, acha zikauke zenyewe. Plastiki inatoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na rangi haishiki mafuta. Kata vipande kwa koleo kali, mbali kidogo na kipande, kisha malizia kwa wembe. Usivivunje kwa mkono.

Sasa shika bodi chini ya taa na uizungushe polepole. Utaona mistari myembamba imepita juu ya fenda na kwenye nguzo za paa: hapo ndipo kalibu zilipokutana. Gari la kweli halina mistari hiyo. Iondoe kwa msasa namba 600 uliolowa maji, kisha 1000, ukifuata mviringo wa bodi, usiulalishe bapa. Panapobonyea weka puti kidogo, acha siku nzima, sugua tena. Mistari ya milango na boneti, kinyume chake, ichimbe zaidi kabla ya rangi. Mimi natumia kifaa cha kukwangulia meno, chenye ncha iliyopinda, ambacho kimechakaa kwa kazi ya kliniki lakini kwa plastiki bado ni mfalme. Kama huna, mgongo wa wembe unatosha: pitisha mara tano sita bila kukandamiza.

Onyo kwa wenzangu wa meno: ile maji ya akriliki tunayochanganyia meno bandia huyeyusha plastiki ya modeli. Tone moja lilinilia ukingo wa mlango. Liache kazini.

Gundi ya modeli nayo huyeyusha, lakini kwa adabu: inalainisha nyuso mbili zikashikana kuwa kitu kimoja. Weka vipande pamoja kwanza, kisha gusa mwanzo wa mwungano kwa brashi nyembamba, gundi itajivuta yenyewe ndani. Supaglu iweke mbali na vioo na kromu, kwa sababu mvuke wake huacha ukungu mweupe. Vioo gundisha kwa gundi nyeupe ya mbao.

Rangi, na hewa ya Dar

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu maelekezo yanayokuja ndani ya boksi yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Wanakwambia pasha kopo la rangi kwenye maji ya moto. Usifanye hivyo Dar es Salaam mwezi wa pili! Kopo tayari lina joto la kutosha, ukiliongeza msukumo unazidi na rangi inatoka kama mvua ya mawe.

Adui wetu ni unyevu. Mwaka mmoja, masika imeshika, nilikuwa nimebakiza klia tu, ile rangi angavu ya mwisho, kwenye bodi ya bluu. Mvua ilikuwa imekatika, nikajiambia hewa imetulia, nikapiga saa moja jioni. Ndani ya dakika tano bodi nzima ikawa na utando wa maziwa. Kinachotokea ni hiki: tina inapopaa haraka inapoza uso wa rangi, na hewa iliyojaa unyevu inaacha maji juu yake, kama glasi ya maji baridi inavyotoka jasho. Maji yakinaswa ndani ya klia, inakuwa nyeupe. Ikikupata, usisugue wala kubandua. Subiri siku kavu, pulizia ukungu mwepesi sana wa tina inayokauka polepole, klia italainika na kuachia unyevu. Yangu ilipona.

Tangu hapo nina taratibu. Kazi kubwa ya rangi naipangia kipupwe, Juni hadi Agosti, hewa ikiwa kavu na baridi kidogo. Miezi mingine napiga kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, siyo alfajiri wala baada ya magharibi. Nina kipima unyevu kidogo ukutani, kikisoma zaidi ya asilimia 70 nafanya kazi nyingine. Injini ina kazi nyingi. Baada ya kila mkono wa rangi bodi inaingia kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko, pamoja na vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Boksi linazuia pia vumbi na wadudu wa taa.

Vipande vidogo vishike kwa vijiti vya mishkaki: zungushia ncha tepu iliyogeuzwa, bandika kipande, chomeka kijiti kwenye sponji. Bodi ivalishe juu ya chupa ya maji.

Anza na praima, rangi ya msingi, mikono miwili myepesi. Praima ya kijivu ni kioo cha ukweli, mikwaruzo yote uliyodhani umeimaliza itajitokeza. Irudie hapo, usitegemee rangi ifiche. Ukitaka rangi halisi, maduka ya rangi za magari yatakuchanganyia kiasi kidogo, lakini jua mambo mawili. Tina ya gari inaweza kuula mwili wa plastiki, kwa hiyo praima iufunike kabisa na mikono ya kwanza iwe ukungu tu, sio kulowesha. Na zile rangi za kuchanganya na hadina zina kemikali zinazoumiza mapafu. Barakoa ya kitambaa haizuii. Kama huna barakoa yenye vichujio vya mvuke wa rangi, tumia rangi za modeli.

B5 ni bluu yenye chembe za kung'aa. Chembe za rangi ya gari zikiwekwa kwenye modeli zinaonekana kama mchanga, kumbuka kuzidisha kwa 25. Omba chembe laini kuliko zote alizonazo muuzaji. Baada ya klia acha wiki moja, ndipo upige msasa wa maji namba 2000 na kompaundi kwa kitambaa cha pamba, ukikwepa kingo, maana kwenye kingo rangi ni nyembamba.

Na hili ndilo wengi hukosea: sehemu ya injini. Magari ya Chrysler ya wakati ule, Charger ikiwemo, chumba cha injini kilipigwa rangi ile ile ya bodi. Chevelle na Mustang ni cheusi. Modeli ya Charger yenye chumba cheusi, hata ing'ae vipi kwa nje, imekosea mara tu boneti inapofunguliwa.

Kromu ya seti huwa nene na inameta kupita kiasi. Itumbukize kwenye jiki, itatoka yote baada ya muda, kisha paka upya kwa rangi ya kromu. Ukingo wa madirisha na wa kioo cha mbele nafunika kwa Bare-Metal Foil, foili nyembamba sana yenye gundi nyuma: kata ukanda, ulaze, usugue kwa kijiti cha meno hadi mstari ujichore, kisha kata kwa kisu kipya cha upasuaji. Kisu kipya kwa kila dirisha. Ubutu ndio unaochana. Shoo ya mbele imwagie rangi nyeusi iliyochujuka sana, itulie kwenye mashimo, futa juu. Ghafla itakuwa na kina.

Hemi na nyaya zake

Injini ya 426 Hemi ni ya rangi ya chungwa, na kava zake pana za juu ni nyeusi yenye mikunjo midogo. Mikunjo hiyo naipata kwa kugonga rangi nyeusi isiyong'aa kwa sponji iliyokauka nusu. Juu kuna kabureta mbili, moja mbele ya nyingine. Kama unaunda Chevrolet, V8 zake za miaka hiyo nazo ni za chungwa, ingawa si chungwa ile ile, na Ford kuanzia 1966 ni bluu. Usidhani injini zote zilipakwa rangi kutoka ndoo moja.

Kinachoifanya injini iwe hai ni nyaya za plagi. Waya wa kweli una unene wa milimita 7 hivi, ukigawanya kwa 25 unapata 0.28. Nilizunguka Kariakoo nzima nikitafuta waya huo, nikaishia Gerezani kwa mzee anayesuka mota.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mota iko wapi?"

"Sina mota. Naomba mita moja ya waya mwembamba kuliko wote ulio nao."

Akanitazama, akapima kwa kidole, akanipa mabaki ya mita nzima bila kuchukua hela. Siku nilipompelekea injini iliyokamilika aliishika kwenye kiganja kwa muda mrefu, akahesabu nyaya moja moja kwa ncha ya bisibisi. Zilikuwa nane za plagi, na wa tisa ule wa koili.

Distributa, kile kinachogawa umeme kwa plagi, nachonga kutoka kijiti cha plastiki cha milimita 3: natoboa matundu nane kwa mzunguko na moja katikati la koili, kwa keekee ya mkono. Kwenye Hemi distributa iko mbele ya injini. Kwenye Chevrolet V8 iko nyuma, karibu na ukuta. Silinda zinahesabiwa kutoka mbele: 1, 3, 5, 7 upande wa dereva, yaani kushoto, 2, 4, 6, 8 kulia. Mpangilio wa kuwaka ni 1-8-4-3-6-5-7-2, na kwenye distributa ya Hemi unaufuata kinyume cha mshale wa saa. Chomeka waya wa 1, fuata mpangilio, kila mmoja uupeleke silinda yake. Kwenye Hemi nyaya haziingii ubavuni mwa injini kama kwenye V8 nyingi. Zinazama kwenye matundu katikati ya kava. Paka nyeusi kabla ya kuchomeka, na uzipinde kwa ulegevu. Mpira una uzito, unaning'inia.

Ndani ya gari sitakawia. Jambo moja tu: usitumie nyeusi tupu kwa viti. Kwenye kitu kidogo nyeusi tupu inameza umbo lote. Changanya na kijivu, isiwe na mng'ao, mikunjo itaonekana.

Kimo

Gari likishakaa kwenye magurudumu, weka simu mezani, kamera ikiwa kama milimita 64 kutoka juu ya meza. Huo ni usawa wa macho yaliyo mita 1.60 kutoka ardhini. Piga picha ya ubavu, ilinganishe na picha ya gari lako kwenye ile folda. Tazama pengo kati ya juu ya tairi na ukingo wa fenda. Seti nyingi hukaa juu mno mbele, kama gari lililopelekwa porini. Charger ina springi za vyuma bapa nyuma: sugua kidogo pale zinapokutana na ekseli, nusu milimita kwa nusu milimita, pima tena. Mbele, hamisha shimo la ekseli. Kazi hii nimeifanya kwa siku tatu kwa milimita moja na nusu, na ndiyo iliyolifanya gari lifanane na gari.

Sasa matairi. Yale matairi laini ya vinili kwenye seti za zamani yana mafuta yanayotoka polepole na kuyeyusha plastiki inayoyagusa. Ndicho kilichotokea juu ya kabati la mjomba: tairi moja lililalia kioo cha mbele miaka yote ile, likaacha nusu duara imezama humo. Ukinunua seti, siku hiyo hiyo toa matairi uyaweke kwenye mfuko wake. Ukifika wakati wa kuyavalisha, zungushia rimu ukanda mwembamba wa foili ili tairi lisiguse plastiki moja kwa moja. Kioo kilichoharibika nilikitengeneza upya kwa plastiki angavu ya kifuniko cha boksi la keki, niliyoipima milimita 0.25, karibu sawa na unene wa kioo cha kweli cha milimita 6 ukigawanya kwa 25. Kinakaa vizuri kuliko kile cha seti.

Charger ya mjomba iko kabatini kwa shangazi, upande usiopigwa na jua la alasiri. Kila Idi ninapokwenda namwomba afungue kabati, nanyanyua gurudumu moja moja na kuangalia chini ya foili. Rimu bado ni safi.